Majora ya Ghala la Nyuma

Nyumbani, Jumatatu 7 Aprili

Mwanangu,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika hivyo.

Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Jana baada ya chai walikuja wastaafu wenzangu sita, Nyundo, fundi wetu wa mitambo, akiwa mbele kama kawaida yake, gazeti mkononi. Gazeti limeandika kwamba kiwanda chetu cha nguo hakikupeleka hesabu za mwaka kwenye soko la hisa kufikia tarehe 31 Machi, na kwa sababu hiyo hisa zimesimamishwa. Hakuna kuuza, hakuna kununua. Nyundo alinisomea kwa sauti ileile aliyokuwa anaitumia kushindana na mitambo, maana anajua masikio yangu niliyaacha kiwandani. (Ndiyo sababu nakuandikia. Simu kwangu ni nyuki ndani ya kopo.) Alipomaliza akakunja gazeti, akauliza, "Mhasibu mkuu wa kiwanda ni nani vile?" Wenzake wakacheka. Wanajua fika kwamba ni wewe.

Unajua tuko wastaafu sitini na tatu. Siku kiwanda kilipoingia kwenye soko la hisa, kila mfanyakazi alipewa hisa na cheti, na wengine wetu hatuna akiba nyingine. Nyundo cheti chake amekitia fremu, kipo juu ya kitanda, chini ya picha ya harusi.

Nimetunza ghala miaka ishirini na sita. Sijawahi kuchelewesha hesabu ya ghala hata siku moja. Kwa hiyo nakuuliza kama baba, na kama mtu wa kazi: kumetokea nini?

Baba yako

Mama anauliza: unakula?


Jumatatu 14 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mwambie mama nakula, tena vizuri.

Pole kwa aibu uliyoipata mbele ya wazee wenzako. Jambo lenyewe si kubwa kama gazeti linavyolipigia ngoma. Tumebadilisha mfumo wa kompyuta, na kumbukumbu za zamani zimegoma kuingia kwenye kompyuta mpya. Mafundi wa kompyuta wanashughulika. Wakaguzi wa hesabu hawawezi kutia saini mpaka kompyuta zote mbili zisome kitu kimoja. Ni kazi ya uvumilivu tu.

Mwambie Mzee Nyundo hisa zake zipo, zimelala, hazijafa. Na wewe usibishane naye, baba. Shinikizo lako la damu tunalijua sote.

Mahindi yamefika wapi? Yule mbuzi wa jirani bado anaingia kupitia pale pale?

Mwanao,
Kitinda


Jumanne 22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ina kompyuta nne na jibu hakuna.

Ulipokuwa darasa la tano ulivunja kioo cha jirani. Nikakuuliza nani amevunja, ukanieleza jinsi vioo vinavyotengenezwa. Nimelikumbuka hilo nikisoma habari za mafundi wako. Wewe ukianza kunifundisha, ujue kuna kitu kimevunjika.

Jumamosi tulikutana wastaafu. Nyundo akasimama akasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu binti tulimjua anacheza chini ya meza ya ghala, leo anatuzika wazima." Bi Mrefu, unamkumbuka, yule mfumaji wa mtambo namba tano, akamwambia akae chini, mdomo wake unahitaji grisi kidogo. Lakini hakuna aliyesema Nyundo amekosea.

Kwenye daftari langu la siku nimeandika: "19 Aprili. Nimesemwa mbele za watu." Nimeandika daftari hilo tangu nilipomaliza kidato cha nne, kila siku mstari au miwili, na sentensi ya namna hiyo haimo sana.

Kama kuna mtu anakuonea hapo kazini, niambie. Kama ni wewe umekosea, niambie pia. Kosa linarekebishwa. Mimi nimefanya kazi na namba maisha yangu yote, ukizinyoosha, zinanyooka.

Mahindi yamefika kiunoni. Mbuzi amefungwa. Sasa nijibu.

Baba yako

Mama anasema: "vizuri" si chakula. Taja chakula.


Jumatatu 5 Mei

Baba,

Shikamoo. Wali na maharage, mama. Jana mayai.

Nakuambia hili kabla hujasomewa na Mzee Nyundo. Tumepata barua ya soko la hisa. Hesabu zilizokaguliwa zifike kwao kabla ya mwisho wa tarehe 30 Juni, la sivyo kampuni inafutwa kwenye orodha yao moja kwa moja. Ikifutwa, hizo hisa hakuna mahali pa kuziuza tena. Cheti cha Mzee Nyundo kitakuwa picha ya pili juu ya kitanda.

Nafanya kila ninaloliweza.

Nina maswali mawili madogo ya kazi. Lile ghala la nyuma, lenye majora ya kaki ya zamani: yule mkaguzi wa siku hizo, mnene, alikuwa anayahesabu namna gani? Na ulipokuwa likizo, kadi za ghala hilo aliziandika nani? Jaribu kukumbuka, baba. Hata kama ni kwa wiki moja tu. Mtu yeyote.

Kitinda


Jumatatu 12 Mei

Mwanangu,

Sasa hayo ndiyo maswali ya kumuuliza mzee! Mama yako ameniuliza nacheka nini peke yangu.

Yule mkaguzi alikuwa anaogopa vumbi kama paka anavyoogopa maji. Kila mwisho wa mwaka alifika mlangoni, nikampa kiti, akakaa hapo hapo kizingitini. Mimi napita kwenye safu naita, "Safu ya kwanza, arobaini!" Yeye ananyoosha kalamu, anahesabu vichwa vya majora kwa mbali, anasema, "Naona arobaini." Tukimaliza anapiga chafya mbili, anatia saini. Jora lenyewe hakuwahi kuligusa, sembuse kulikunjua. Miaka ishirini na kitu, sijui kama alijua kitambaa kilikuwa rangi gani.

Kuhusu likizo: sikumwachia mtu kadi zangu hata siku moja. Nikienda likizo niliandika siku ya mwisho, nikafunga kabati, nikarudi nikaendelea. Hati utakayoiona kwenye kadi za ghala la nyuma, mwanzo hadi mwisho, ni yangu. Unaweza kuapa kwa hilo.

Ila mbona unauliza la nyuma? Hayo majora hayauzwi. Niliyaweka nyuma makusudi yasitoke.

Baba yako


Jumatatu 26 Mei

Mwanangu kipenzi,

Mimi ni mama. Mwandishi si mimi, unajua, lakini wiki mbili zimepita hujamjibu baba yako, na baba yako amekuwa mtu mwingine.

Ile barua yake ya mwisho aliipeleka posta mwenyewe. Siku ya tatu akavuta sanduku la madaftari yake chini ya kitanda. Yale yote, ya tangu ujana. Amekaa nayo mezani siku tisa, na rula na kalamu nyekundu. Anapiga mstari, anaandika namba pembeni, anaendelea. Nikimwekea chakula anasema asante, kisha kinapoa. Jana akaniuliza, "Lile koti langu la mikutano lipo?" Nikamwambia lipo, unakwenda wapi? Akasema, "Bado sijui. Lipige pasi."

Mwanangu, wewe kuna kitu unakijua na hutaki kukisema. Mimi nimekuzaa, usinizungushe. Unadhani unamkinga. Mtu huyu anatishwa zaidi na bahasha isiyokuja kuliko bahasha yenye habari mbaya. Mwandikie. Hata kama ni matusi, mwandikie.

Na mayai peke yake si chakula.

Mama yako


Ijumaa 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Naandika moja kwa moja kama ulivyonifundisha.

Hakuna kompyuta iliyogoma. Tarehe 11 Machi mkaguzi mpya, dada mmoja mwenye miwani, aliingia ghala la nyuma na mkasi. Alikata kamba za majora ishirini, akayakunjua sakafuni. Kumi na saba yalikuwa na kasoro katikati: nyuzi zimekatika, matundu, mistari ya mafuta. Kwenye kadi yote yameandikwa mazima. Miaka yote kampuni imeyahesabu kama mali, kumbe ni matambara. Akasema hawezi kutia saini mpaka ijulikane ni mangapi na ni ya miaka ipi, kwa sababu hesabu za kila mwaka zinapaswa kusahihishwa. Kisha akaniletea kadi, akaniuliza, "Hati hii unaijua?"

Baba, hati hiyo ndiyo iliyonifundisha kuandika.

Nikamwambia nitachunguza. Nikazichukua kadi, nikazifungia kwenye kabati langu. Mwenyekiti wa bodi alisema tuandike tu kwamba mtunza ghala wa zamani alifanya udanganyifu, na mwanasheria wa kampuni akataja mahakama. Tungekubali hivyo, wakaguzi wangeanzia hapo, wangekunjua majora yote, na pengine tungefika kwa wakati. Mimi ndiye niliyekataa. Kila wiki naomba wiki nyingine. Nimetafuta hati ya mtu mwingine kwenye kadi zile, hata mstari mmoja, hata namba saba iliyoandikwa vingine. Sijaiona. Ndiyo maana nilikuuliza habari za likizo, nawe ukaniambia niape.

Kwa hiyo ukimsikia Mzee Nyundo anauliza nani anawazika, ni mimi.

Usije huku. Usimwandikie mtu yeyote. Nitasema kadi zimepotea wakati wa kuhamisha ofisi. Ufunguo ninao mimi.

Kitinda


Alhamisi 5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ni majora 412.

Nimeyahesabu mara mbili kutoka kwenye madaftari yangu. Kila moja lina tarehe, namba ya mtambo na aina ya kasoro. Nitakueleza, kisha utafanya nitakavyokuambia, maana hili ni la kwangu kabla halijawa la kwako.

Kiwandani kulikuwa na sheria. Jora likitoka na kasoro, mfumaji anakatwa mshahara wa wiki. Akifikisha matatu, anaonyeshwa lango. Mitambo ilikuwa mizee, uzi unakatika wenyewe, na wale wanawake wengine walirudi kazini na mtoto wa mwezi mmoja, wamesimama wanasinzia. Mimi ndiye niliyepokea majora. Nilikuwa nikiona kasoro nalikunja upya, namweka mfumaji huru, naandika "zima", nalipeleka nyuma lisimfikie mnunuzi. Mteja hakudanganywa. Nilichokidanganya ni kitabu. Nilijiambia kitabu hakina watoto. Sikujua kwamba kuna siku mtoto wangu ndiye atakayekishika.

Daftari la kwanza lenye jora bovu linasema: "14 Agosti. Mtambo 9. Uzi umekatika, mita tatu. Mfumaji mpya, analia bila sauti. Nimeandika zima." Jina sikulijua. Nililiuliza wiki iliyofuata. Ni mama yako.

Sasa sikiliza. Kadi hazijapotea. Barua hii ikikufika, uzirudishe siku hiyo hiyo kwa huyo dada mwenye miwani, mkononi mwake, umwambie zilikuwa wapi. Usinifichie mimi. Kazi ya kuficha naijua kuliko wewe, nimeifanya miaka ishirini na sita, na nakuambia haina siku ya kustaafu.

Jumatatu nakuja na madaftari. Majina ya wafumaji yamo, kwa hiyo nimetumia siku tatu kuwazungukia walio hai. Wamebaki tisa. Sikutaka kumtoa mtu mbele ya wakubwa bila ruhusa yake. Wengi hawakujua hata kama walifichiwa. Bi Mrefu aliniuliza, "Mimi nina mangapi?" Nikamwambia thelathini na moja. Akashika kiuno. "Thelathini na moja! Na nilikuwa nakunyima salamu nikidhani unaringa?" Kisha akasema niandike jina lake kwa herufi kubwa. Mmoja alikataa, jina lake nimelibandika karatasi juu. Ya kwake ni mawili tu.

Nitunzie nafasi ya kulala. Sitakaa sana.

Baba yako

Mama anasema: Sikulia. Pamba iliniingia machoni.


Jumanne 1 Julai

Baba mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo mama.

Hesabu zimefika soko la hisa Ijumaa tarehe 27, saa nne asubuhi, zimekaguliwa na zimetiwa saini. Jana jioni walijibu: kampuni inabaki. Hisa zinafunguliwa Alhamisi. Bei itaanguka, waandae wazee, lakini zitauzwa na zitanunuliwa kama za watu wengine.

Nataka ujue usiyoyaona ulipokuwa huku. Mwenyekiti alipokuuliza ulipata faida gani kwa mchezo ule, nawe ukamjibu, "Nilipata mke," wote walicheka, na mwanasheria aliinamisha uso kwenye karatasi zake kwa muda mrefu. Mlipotoka kwenda chai, dada mwenye miwani hakutoka. Nilimkuta amefika daftari la mwaka wa kumi na moja, chai yake haijaguswa. Akaniambia, "Dada, nimekagua watu wengi. Huyu mzee hakutoka na hata uzi." Alikunjua majora hamsini mengine kwa kufuata orodha yako. Kasoro zote zilikuwa pale ulipoandika, mita kwa mita. Baada ya hapo neno mahakama halikutajwa tena.

Ripoti imeandika hivi, maelezo namba 14: "Majora 412 yaliyoonyeshwa kuwa mazima yalikuwa na kasoro. Hesabu zimesahihishwa mwaka kwa mwaka kwa kutumia kumbukumbu zilizotunzwa na mtunza ghala wa zamani." Bodi ilitaka yaandikwe maneno makali zaidi. Nilibishana nao saa nzima.

Kuna jambo moja sikukuambia ulipokuwa hapa, ukaniuliza kwa nini meza yangu iko tupu, nikasema nimefanya usafi. Bodi imeniondoa kazini. Niliziweka kadi kabatini wiki kumi na mbili na ushee, na mhasibu mkuu hafanyi hivyo. Wana haki, usimlaumu mtu. Jana nimerudisha funguo.

Nyumbani siji kwanza. Nitatafuta kazi huku huku. Wazee sitini na mbili walikosa raha miezi mitatu kwa sababu ya kabati langu, nitapitaje mbele ya baraza zao? Acha mambo yapoe.

Kitinda


Jumanne 8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nakujibu kwa mpangilio.

Hisa. Zilifunguliwa Alhamisi kwa nusu ya bei ya zamani. Ijumaa zikapanda kidogo. Wanne wameuza, waliobaki wanangoja.

Wazee. Niliwaita Jumapili, nikawasomea maelezo namba 14, kisha nikawaambia aliyeandika uongo ni mimi na aliyechelewesha ni wewe, na sababu ya kuchelewesha ni mimi tena. Nyundo akasimama. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Akasema, "Subiri kwanza. Kwa hiyo miaka yote nilipokuwa nakula sifa kwamba mitambo yangu haitoi kasoro, kasoro zangu ulikuwa unazilaza stoo?" Nikamwambia nyingi, ndiyo. "Ngapi?" Nikamwambia mia mbili na kitu zilikuwa za fundi, si za mfumaji. Akakaa chini. Halafu akasema, "Basi huyo mtoto asitukanwe na mtu mbele yangu." Si wote walioridhika. Karani wa mishahara hanisalimii mpaka leo. Namsalimia mimi, ananipita. Ana haki, na nitaendelea kumsalimia.

Wewe. Nimesoma mahali ulipoandika "acha mambo yapoe" nikaweka barua chini. Nimeandika kwenye daftari: "4 Julai. Mwanangu amepoteza kazi kwa ajili yangu, na ananiogopa." Sentensi hiyo sitaki ilale humo peke yake. Wanawake mia moja na zaidi walipokosea niliwaambia rudi kazini, hakuna kitu. Mwanangu mwenyewe amekosea mara moja, tena kwa mapenzi, nami sikuwahi kukaa karibu nimwambie hata neno. Neno hilo haliandikiki vizuri. Nimelijaribu kwenye karatasi tatu.

Kwa hiyo barua hii usiijibu. Ijumaa nitakuwa kituoni. Basi la kwanza la kutoka huko linaingia saa saba mchana. Usipokuwemo nitangoja la pili, saa kumi. Usipokuwemo la pili, nitarudi Jumamosi, na Jumapili, nina muda, mimi ni mstaafu.

Baba yako

Mama anasema: njoo Ijumaa hiyo hiyo. Huyu amekwisha nunua kiti cha kukunja cha kukalia kituoni, na mimi simwachii aondoke na chakula cha siku tatu.